Kujitolea Kuna Gharama: Namna ya Kuisaidia Klabu Inayotunza Njia Ndefu ya Matembezi



Mada hii inajibu swali moja: mtu au taasisi inayotaka kuisaidia klabu ya watu wanaojitolea kutunza njia ya matembezi ielekeze wapi msaada wake? Mfano wangu ni Green Mountain Club ya jimbo la Vermont, Marekani. Hoja yangu ni kwamba anayejitolea hutoa jasho lake bila malipo, lakini kumwezesha alitoe mahali panapostahili ni kazi yenye gharama, na hapo ndipo wafadhili wengi wasipopaona.

1. Klabu na njia yake

Klabu hii ilianzishwa mwaka 1910 mjini Burlington, kwa juhudi za mwalimu James P. Taylor. Lengo lilikuwa kufungua njia ya miguu juu ya safu ya milima ya Green Mountains. Kazi ilikamilika mwaka 1930. Njia hiyo, Long Trail, ina urefu wa kilomita 438 hivi, kutoka mpaka wa Massachusetts hadi mpaka wa Kanada. Ni njia ndefu ya matembezi iliyotangulia nyingine zote Marekani. Wazo la njia nyingine ndefu, Appalachian Trail, ambayo leo hupita juu ya sehemu ya kusini ya Long Trail, lilitolewa na Benton MacKaye baadaye, mwaka 1921. Mwaka 1971 bunge la Vermont liliitambua klabu rasmi kuwa mwanzilishi na mlinzi wa Long Trail.

2. Kazi yenyewe

Adui mkubwa wa njia ya mlimani ni maji. Mvua ikinyesha, maji hutafuta mteremko, na njia iliyokanyagwa ndiyo mteremko ulio wazi. Kwa sababu hiyo hulazwa gogo au mawe mshazari kukatiza njia, ili maji yatoke pembeni yaingie msituni. Majani ya vuli yakijaa nyuma ya gogo hilo, maji hulipanda, hufuata njia, huchukua udongo na kuacha mawe na mizizi. Watembezi nao hukwepa tope kwa kupita kando, na njia ya mtu mmoja hugeuka uwanja. Theluji inapoyeyuka udongo huwa laini kiasi kwamba klabu huwaomba watembezi wasipande kabisa hadi mwishoni mwa Mei.

Dawa ya uharibifu huu wa maji ni jembe na mtu anayekuja kila msimu. Klabu hugawa njia vipande vipande, na vipande na vibanda vya kulala hupewa walezi. Mlezi huzibua mifereji, hukata vichaka, hupaka upya alama nyeupe kwenye miti na kutoa taarifa ya mti ulioanguka au daraja lililooza.

3. Gharama isiyoonekana

Sisi tuliokulia kwenye msaragambo tunajua kuwa siku ya kazi ya pamoja haifaulu kwa wingi wa watu peke yake. Lazima awepo aliyepanga kazi, aliyeleta zana na aliyebaki kukagua. Klabu hii ililiona hilo mapema. Mwaka 1931, chini ya Roy Buchanan, iliunda kikosi cha Long Trail Patrol kwa kazi nzito za majira ya joto: kupanga ngazi za mawe, kujenga vibanda na madaraja. Leo kikosi hicho hulipwa. Wapo pia walinzi wa msimu wanaokaa kwenye kambi zenye watu wengi na katika vilele kama Mount Mansfield, ambako mimea ya baridi kali hufa kwa kukanyagwa. Hao ndio wanaochanganya kinyesi cha vyooni na maganda ya miti kiwe mboji.

Kisha kuna ardhi. Sehemu za njia zilipita kwenye mashamba ya watu binafsi, na mwenye shamba akiuza, mnunuzi anaweza kuifunga. Mwaka 1986 klabu ilianza mpango wa kununua ardhi hizo au haki ya kupita, kazi inayotaka wanasheria, wapima ardhi na fedha nyingi.

4. Msaada unaofaa

Mfadhili hupenda kulipia kitu chenye kibao cha jina lake: kibanda kipya, daraja jipya. Lakini kila kibanda kipya ni paa jingine la kuezeka upya baadaye, na choo kingine cha kuhudumiwa. Mafuriko makubwa yalipoikumba Vermont Julai 2023, fedha iliyokwisha kufungiwa mradi mmoja isingeweza kutengeneza njia iliyoharibika kwingine. Hivyo napendekeza:

(a) Ada ya uanachama, hata ndogo, ilipwe kila mwaka. Klabu hupanga kwa fedha inayoijua.

(b) Mfadhili mkubwa alipie mratibu wa walezi, mafunzo ya msumeno na huduma ya kwanza, na zana.

(c) Kila msaada wa ujenzi uje na fungu la matengenezo.

(d) Saa za kujitolea ziandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nguvukazi ni mali: saa zilizoandikwa zinaweza kuonyeshwa serikalini kama mchango wa klabu inapoomba ruzuku.

(e) Mwajiri awape wafanyakazi ruhusa ya siku za kazi za klabu, na kundi lile lile lirudi kwenye kipande kile kile.

5. Hitimisho

Ndugu washiriki, njia iliyokamilika mwaka 1930 bado inapitika kwa sababu vipande vyake vina wenyewe, na wenyewe wana mtu wa kumpigia simu. Kabla ya kuandika hundi kwa klabu yoyote ya namna hii, iulizeni ni vipande vingapi havina mlezi na nani anawaratibu walezi waliopo. Majibu ya maswali hayo ndiyo yaamue fedha yenu iende wapi.