Kipimo cha ANCA: Kingamwili Zinapogeukia Mishipa ya Damu

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwenye baraza la afya



Nimeombwa nieleze kipimo cha damu kiitwacho ANCA. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuyaleta maneno ya daktari kwa lugha ya nyumbani.

Kingamwili ni askari wa mwili dhidi ya viini. Kwa watu wachache, askari hao huzichochea chembechembe nyeupe za damu, nazo zikaharibu mishipa midogo ya pua, mapafu na figo. Siku hizi maabara hutafuta kingamwili zinazolenga protini mbili, PR3 na MPO.

Shida ni kwamba dalili zake tumezizoea. Pua kuziba na kutoa damu wiki nenda wiki rudi, homa, kukonda, vidoa vyekundu miguuni, kukohoa damu. Kikohozi cha damu hapa kwetu tunasema ni kifua kikuu, na mara nyingi ndicho. Kapimwe makohozi kwanza. Lakini yakionekana safi na mgonjwa anazidi kudhoofika, mwulize daktari kuhusu mishipa ya damu.

Hapa nisikilizeni vizuri. ANCA ikionekana, hiyo peke yake haitoshi kusema una ugonjwa. Kifua kikuu chenyewe kinaweza kuileta, hata baadhi ya dawa, kama hidralazini ya presha (usiiache bila kumwuliza daktari). Tena wapo wagonjwa halisi ambao kipimo hakionyeshi kitu. Dawa za ugonjwa huu hushusha kinga, na mwenye kifua kikuu akipewa kimakosa ataumia. Ndiyo maana daktari huweza kuomba kipande kidogo cha figo au cha pua kikachunguzwe.

Figo ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, kwa maana huharibika kimyakimya, pengine kwa wiki chache, na mtu bado anaenda shambani. Kijiti cha kupima mkojo ni cha bei nafuu na hakihitaji mashine. Kikionyesha damu au protini, usirudi nyumbani bila maelezo. Majibu ya ANCA yanaweza kuchukua siku kadhaa. Mgonjwa akiwa mahututi, daktari anaweza kuanza matibabu kabla hayajafika.

Ukienda kliniki, beba majibu yote ya zamani na majina ya dawa unazotumia, za kienyeji pia.

Sasa maswali. Tuanze na mama aliye kule nyuma.