TUIPENDE NCHI, TUMWABUDU MUNGU

Somo: Luka 4:16–30



Asubuhi ya leo twataka kufikiri pamoja juu ya swali ambalo vijana wa makanisa yetu hutuuliza mara kwa mara. Je, kuipenda nchi yetu na kujivunia taifa letu ni jambo jema, au ni jambo la hatari? Wako Wakristo wanaosema kwamba sisi ni wasafiri tu hapa duniani, kwa hiyo bendera na wimbo wa taifa havituhusu. Wako wengine wanaosema kwamba taifa ni la kwanza, na mambo ya Mungu yatafuata baadaye. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimeikosa njia.

Wazee wetu walisema, mkosa kwao mtumwa. Mungu ndiye aliyetupa kwetu. Yeye alituchagulia kilima tulichozaliwa juu yake, na lugha ambayo mama alitubembelezea. Nabii Yeremia aliwaandikia mateka waliokuwa Babeli, nchi ya ugeni, akawaagiza wautakie mema mji ule na kuuombea. Ikiwa mateka waliamriwa kuuombea mji wa waliowateka, sisi tulio nyumbani tuna udhuru gani? Na Bwana Yesu mwenyewe, alipoukaribia Yerusalemu, aliutazama mji wa watu wake akaulilia. Mtu hakililii kitu asichokipenda.

Hapa kwetu Kenya tumeona matunda mema ya upendo wa nchi. Kulikuwa na miaka ambayo mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea na kipande shingoni kama alama ya mfugo. Upendo wa nchi ndio uliowafanya watu waseme kwamba hayo hayawezi kuendelea, na tarehe 12 Desemba 1963 bendera yetu ikapandishwa. Baada ya hapo ukaja wito wa Harambee. Wananchi walijenga mamia ya shule za sekondari kwa michango yao wenyewe. Asiye na shilingi alileta kuku, kuku akanadiwa, na bei yake ikawa mabati ya darasa. Tena tukumbuke kwamba wimbo wetu wa taifa, ambao tuni yake ilitoka katika wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, ni sala. Kabla ya kutaja nchi, twamtaja Mungu. Huo ndio mpango ulio sawa.

Lakini, ndugu wapendwa, upendo wa nchi ni kama moto. Ukikaa katikati ya mafiga huivisha chakula cha watoto. Ukipanda kwenye paa la nyasi huiteketeza nyumba, nao ni moto ule ule. Basi tutajuaje kwamba moto umetoka mafigani?

Somo letu la leo latusaidia. Bwana Yesu alikwenda Nazareti, mahali alipolelewa. Siku ya sabato alisoma chuo cha nabii Isaya, habari njema kwa maskini na uhuru kwa waliofungwa. Watu wa kwao wakafurahi sana. Walimwona kuwa ni kijana wao, mwana wa Yusufu. Kisha akawakumbusha mambo mawili yaliyokuwa katika Maandiko yao wenyewe. Wakati wa njaa, wajane walikuwa wengi katika Israeli, lakini Eliya alitumwa kwa mjane wa Sarepta katika nchi ya Sidoni. Na wenye ukoma walikuwa wengi katika Israeli, lakini aliyetakaswa siku za Elisha ni Naamani, mtu wa Shamu. Kusikia hayo tu, wakajaa ghadhabu. Wakamtoa nje ya mji, wakampeleka ukingoni mwa kilima ili wamtupe chini.

Tuangalie jambo hili vizuri. Hakuwatukana wala hakuwaambia waichukie Israeli. Alisema tu kwamba rehema ya Mungu yavuka mpaka. Watu wa Nazareti waliweza kumpokea Masihi wao, lakini hawakuweza kumpokea Masihi wa Sarepta na Shamu. Hapo ndipo moto unapopanda juu ya paa: pale tunapokasirika kwa kusikia kwamba Mungu ampenda na yule mwingine.

Hayo hayakuishia Nazareti. Ujerumani ilikuwa nchi ya Martin Luther, nchi ya makanisa makubwa, ya nyimbo na ya wataalamu wa Biblia. Ilishindwa vitani mwaka 1918. Baadaye fedha yake ikapoteza thamani, na kufikia mwaka 1932 watu wapatao milioni sita hawakuwa na kazi. Watu walioaibishwa hivyo walitamani mtu wa kuwainua vichwa. Adolf Hitler alipopewa serikali Januari 1933, Wakristo wengi walishangilia. Kikatokea chama ndani ya kanisa kilichojiita Wakristo wa Kijerumani, nacho kikataka wachungaji wenye asili ya Kiyahudi waondolewe. Mwezi wa Novemba mwaka huo, katika mkutano mkubwa mjini Berlin, msemaji wao alitaka kanisa liliache Agano la Kale, kwa kuwa ni kitabu cha Wayahudi. Hivyo walianza na kuipenda nchi, wakaishia kuitupa nusu ya Biblia.

Lakini wako waliokataa. Mwisho wa Mei 1934 wajumbe wa makanisa walikutana katika mji wa Barmen, wakatangaza kwamba kanisa lina Bwana mmoja wa kusikilizwa na kutiiwa, yaani Yesu Kristo, na kwamba hakuna sehemu ya maisha iliyo chini ya bwana mwingine. Miongoni mwa viongozi wa harakati hiyo alikuwa Mchungaji Martin Niemöller. Huyu hakuwa mtu asiyeipenda nchi yake. Katika vita vya kwanza aliongoza manowari ya chini ya maji, na hapo mwanzo aliupokea utawala wa Hitler kwa matumaini. Alipoona kwamba taifa linataka kiti cha Mungu, alikataa. Alikamatwa mwaka 1937, akakaa kifungoni mpaka mwaka 1945.

Mwingine alikuwa Dietrich Bonhoeffer. Mwaka 1939 alikuwa salama mjini New York, na rafiki zake walimsihi akae huko. Baada ya majuma machache tu akarudi nyumbani, akisema kwamba kama hatashiriki mateso ya watu wake, hatakuwa na haki ya kushiriki kuijenga nchi upya. Alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945, majuma machache kabla ya vita kwisha Ulaya. Twawauliza, ndugu: ni nani aliyeipenda Ujerumani zaidi? Ni wale waliopiga kelele barabarani, au ni huyu aliyeitwa msaliti?

Hata hivyo tusiwasifu kupita kiasi. Tangazo la Barmen halikutaja hata neno moja juu ya mateso ya Wayahudi. Watu jasiri walilitetea kanisa lao, lakini wengi wao walichelewa kumtetea jirani. Oktoba 1945, katika mji wa Stuttgart, viongozi wa makanisa hayo, Niemöller akiwa mmoja wao, walikiri hatia yao mbele ya wageni kutoka makanisa ya nchi nyingine.

Labda msikilizaji asema, hayo ni ya Ulaya. La, ndugu yetu, tusogee karibu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika nchi yetu, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani walichomwa humo, wengi wao akina mama na watoto. Mwezi wa Februari Baraza la Makanisa likakiri waziwazi kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wamechukua pande. Mtu atasema kwamba huo ulikuwa ukabila, si utaifa. Ni kweli majina ni mawili, lakini mzizi ni mmoja: ni neno “sisi” lililowekwa juu ya Mungu.

Nasi tuna la kukiri. Katika ushirika wetu kulikuwa na familia moja iliyozoea kukaa benchi la tatu. Baba yao aliimba besi katika kwaya. Siku ya Jamhuri, Desemba 2007, alisimama pamoja nasi tukaimba wimbo wa taifa. Jumapili ya kwanza ya Januari benchi lilikuwa tupu, tukasema labda wamesafiri. Jumapili ya pili hatukusema kitu. Tulijua lugha yao ya nyumbani, na tulijua kwamba sokoni walikuwa wameambiwa warudi “kwao”. Hatukwenda kubisha mlango, kwa maana tuliogopa kuonekana tumesimama upande wa adui. Tulipokwenda hatimaye, tulikuta kufuli. Jirani akatuambia kwamba waliondoka usiku na godoro moja. Hatukuchoma nyumba ya mtu, na kwa muda mrefu tulijifariji kwa neno hilo. Lakini benchi lile lilituhubiria kuliko mhubiri yeyote.

Basi tuupime upendo wetu kwa maswali matatu.

Kwanza, je, upendo wetu wakubali kukemewa? Yeremia alipowaonya watu wake, alishikwa na kutiwa gerezani kama mtoro anayekwenda kwa adui. Nchi isiyoruhusu nabii wake aseme kweli haijapendwa, bali imebembelezwa tu.

Pili, je, upendo wetu waweza kuishi bila adui? Upendo wa kweli huonekana hata siku isiyo na ngoma wala magwaride: katika kulipa kodi kwa haki, kukataa hongo, kumfundisha vizuri mtoto wa mwenzetu. Upendo unaohitaji mtu wa kuchukiwa ili upate nguvu si upendo wa nchi.

Tatu, je, ni nani hayupo benchini? Labda ni jirani wa lugha nyingine. Labda ni mkimbizi aliyekuja kwetu kupitia Dadaab au Kakuma. Kumbuka kwamba mjane wa Sarepta alikuwa mgeni kwa Israeli, naye ndiye aliyemlisha nabii wakati wa njaa.

Ndugu mpendwa, tusiache kuipenda Kenya. Ipende, itumikie, iombee. Kanisa likikaa kando kwa kuogopa moto, watoto watalala njaa. Lakini moto ukae mafigani, na kiti cha enzi abaki nacho Mungu. Yohana aliona mbele ya kiti hicho watu wa kila taifa na kabila na lugha. Hawakupotewa na mataifa yao, lakini wote walimwelekea Mwana-Kondoo. Juma hili usiulize tu ni nani hayupo. Nenda ukabishe mlango kabla haujafungwa kwa kufuli.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, twakushukuru kwa nchi uliyotupa. Utusamehe pale tulipoiweka mahali pako, na pale tulipomnyamazia jirani yetu kwa hofu. Uwarudishe waliofukuzwa, uwafariji waliofiwa, uwape viongozi wetu masikio ya kusikia kweli. Utufundishe kuipenda nchi yetu kama Mwanao alivyoupenda Yerusalemu, kwa machozi na kwa kweli. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.