NATI ILIYOGOMA: Mazungumzo mbele ya wanachama



Kamati imetutaka tueleze kwa nini Canter yetu ililala siku mbili chini ya Lyamba lya Mfipa, na magunia manne ya mpunga yakanyeshewa. Tunaeleza bila kuficha: bolti mbili za tairi tulizivunja wenyewe.

Tairi la nyuma kushoto lilipata pancha. Nati zikagoma. Tukasema ni kutu, maana tope la bonde hili tunalijua. Tukachomeka bomba kwenye spana, vijana wawili wakapanda juu, ta! Kumbe Canter nyingi za zamani zina nyuzi za kinyume upande wa kushoto: kufungua unazungusha kama saa inavyokwenda. Sisi tulikuwa tunakaza! Kwenye ncha ya bolti mara nyingi huandikwa herufi L. Na kweli ilikuwapo, imezibwa na tope.

Basi kwanza futa, usome. Nati ikiwa imegoma kweli, isugue kwa brashi ya waya, itie mafuta ya kulegeza kutu. Ukikosa, changanya mafuta ya taa na oili nyepesi. Iache usiku kucha. Hapo ndipo wengi tunaposhindwa, kusubiri. Asubuhi igonge ubavuni kidogo kidogo, kutu ipasuke. Ikijongea, irudishe nyuma, tia mafuta tena, halafu mbele.

Ikikataa, moto. Nati ikipashwa hutanuka, ikalegea. Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma katika malungu, nguvu ya moto waliijua vema. Lakini futa mafuta yote kwanza, na moto usisogee karibu na tanki, mipira ya breki wala tairi lenye upepo. Tairi likipashwa huweza kupasuka na kuua mtu.

Tumeulizwa pia habari za gundi ya nati, kama Loctite. Gundi hii hukauka ikibanwa kati ya chuma na chuma pasipo hewa, ndiyo maana chupani haigandi. Kwa kawaida ya bluu hufunguka kwa spana. Nyekundu hudai moto wa digrii kama 250. Sisi ya bluu yatutosha. Safisha nyuzi zisibaki na mafuta, zikauke, tia matone mawili, kaza, acha siku nzima. Inafaa kwa nati ndogo zinazolegea kwa mtikisiko. Nati za tairi msizipake gundi, wala grisi! Hizo hukazwa kwa kupishana kama msalaba, na hukaguliwa tena baada ya kilometa 50 hadi 100.

Dereva ameshapaka L nyeupe kwenye rimu za kushoto. Chupa ya gundi iko kwa mtunza ghala. Aliyeazima spana namba 19 airudishe, hatuulizi ilikuwa wapi.