Mgongo wa Mkulima Baada ya Kazi

(Mazungumzo kwa wanachama wa vyama vya msingi)



Jembe la mkulima likivunjika mpini, hutiwa mpini mwingine siku ileile. Mgongo wake ukimuuma, aghalabu huachwa mpaka ashindwe kuinuka. Huko Mugango hali hii huonekana zaidi wakati wa palizi ya pamba, na tena baada ya mavuno, miti ya pamba inapong'olewa ili ichomwe. Mvuvi wa dagaa naye hufika ufukweni alfajiri akiwa amevuta nyavu usiku kucha. Na mama aliyekwisha kuinama shambani tangu asubuhi bado ana ndoo ya maji ya kujitwika. Magugu hayamngoji mgonjwa. Nyumba ambayo mpaliliaji wake amelala majuma mawili huiona hasara yake siku ya kupima pamba kwenye mzani.

Maumivu mengi ya kiuno hayatokani na mfupa uliovunjika wala pingili iliyotenguka, bali na misuli na kano zilizochoshwa kwa kuinama muda mrefu au kunyanyua mzigo kwa ghafla. Kwa sababu hiyo mengi hupungua katika majuma machache. Kosa kubwa ni kulala kitandani juma zima. Misuli isiyotumika hudhoofika na viungo hukakamaa, na mtu huamka akiwa na hali mbaya kuliko alivyolala. Siku moja au mbili za kujinyoosha zatosha. Baada ya hapo yafaa atembee uani, apepete nafaka, achague dagaa, akiongeza kazi kidogo kidogo.

Joto husaidia sana, nalo halina gharama. Kitambaa kinene huchovywa katika maji ya moto, hukamuliwa, hujaribiwa kwanza upande wa ndani wa mkono ili kisiunguze, kisha huwekwa kiunoni kwa dakika 15 au 20. Msuli uliovutika ghafla na kuvimba hutangulizwa maji baridi kwa siku ya kwanza na ya pili. Kukandwa taratibu kwa mafuta kunafaa. Kukanyagwa mgongoni na watoto, starehe ipendwayo na wazee wengi, kusijaribiwe kwa aliyeanguka wala kwa mzee ambaye mifupa yake imedhoofika. Chale za wembe haziondoi maumivu, na wembe ulioshirikiwa huleta maradhi mengine. Hali kadhalika, kwenda kujiloweka ziwani ili kupoza mgongo ni kujitafutia kichocho.

Usiku, alalaye ubavu aweke nguo iliyokunjwa katikati ya magoti. Alalaye chali aiweke chini ya magoti.

Vidonge vya ibuprofeni au diklofenaki hutuliza, lakini humezwa baada ya chakula, kwa siku chache tu, wala havichanganywi viwili hivyo pamoja. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu, na mama mjamzito, hawana budi kumwuliza mganga wa kituo cha afya kwanza. Sindano za mtu apitaye nyumba kwa nyumba zikataliwe.

Ipo pia njia ya kuupunguzia mgongo mzigo wenyewe. Lita 15 za maji zina uzito wa kilo 15, mbali na bomba la kupulizia dawa. Hapana aibu kulijaza nusu na kurudi mara mbili. Gunia hunyanyuliwa na watu wawili, magoti yakikunjwa na mzigo ukishikwa karibu na kifua. Mpini mrefu wa jembe hupunguza kuinama, na mpaliliaji anyooke kila amalizapo mstari.

Lakini si kila maumivu ya mgongo ni ya kazi. Mgongo unaouma usiku hata mtu akiwa amepumzika, pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, waweza kuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mkojo wenye damu nao huhitaji kupimwa. Na mtu ambaye miguu yake inalegea, au sehemu za katikati ya mapaja zimekufa ganzi, au ameshindwa kukojoa au kuzuia haja, asikandwe wala asingojeshwe hadi asubuhi: apelekwe hospitali saa ileile.