Kidonda kidogo ndani ya rulema

Muliniomba niseme juu ya mashini yetu ya kusaga, sababu wengine wanasema iliisha grisi. Hapana, grisi ilikuwako. Nilifungua rulema (sisi tuliokimbilia Uganda tulizoea kuita beringi) nikakuta njia ya goroli imemeguka-meguka.

Ilianza siku tuliyoipachika kwa nyundo. Na mimi nilikuwa pale, nilishika taa. Kila pigo lilipitia kwenye goroli, likaacha alama ndogo kwenye chuma. Kisha vumbi yetu hii nyekundu ikaingia, ikaongeza zingine. Goroli ikipita juu ya kashimo, mzigo unalemea ukingo wake, na inapita maelfu ya mara kwa dakika. Chuma inachoka. Ufa unafunguka, unaingia chini, halafu kipande kinatoka, nacho kinaenda kuumiza pengine.

Hata reli inapata ugonjwa huu. Kule Hatfield, Uingereza, tarehe 17 Oktoba 2000, nyufa zilizoletwa na magurudumu zilivunja reli, treni ikatoka njiani, watu 4 wakafa.

Basi rulema ikikazwa kwenye shafti, tusukume pete ya ndani kwa kipande cha bomba, pole pole. Wenye pikipiki, mukizungusha gurudumu kwa mkono na kusikia kama mchanga, badilisheni, grisi haitaiponyesha.

Pesa ya rulema mbili iko kwa mutunza-sanduku. Tunafunga siku ya posho asubuhi.