TAREHE YA KUMALIZA MKOPO: HESABU YAKE KWA LAHAJEDWALI

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Mwanachama anayeomba mkopo huwa na maswali matatu: atapewa kiasi gani, atakatwa kiasi gani, na atamaliza lini. Maswali mawili ya kwanza hujibiwa mara moja, kwa kuwa majibu yake yamo katika fomu. Swali la tatu aghalabu hujibiwa kwa kukisia. Nalo ndilo lenye uzito kuliko yote. Mkulima hupanga karo ya watoto na pembejeo za msimu ujao kwa kuitazama siku hiyo. Mdhamini, ambaye akiba yake imefungwa kwa ajili ya deni la mwenzake, huingojea siku hiyo. Chama chenyewe hakiwezi kumwahidi mwombaji mwingine fedha ambazo hakijui zitarudi lini. Kwa hiyo tarehe ya kumaliza mkopo ni sehemu ya mkataba, na yapasa ihesabiwe.

Chombo cha kuihesabia

Lahajedwali ni leja iliyomo ndani ya kompyuta. Lina safu na mistari kama daftari la fedha, na kila kisanduku hutambulikana kwa herufi ya safu yake na namba ya mstari wake: B1, B2, na kadhalika. Lahajedwali la kwanza kuenea katika kompyuta ndogo, VisiCalc, lilitolewa mwaka 1979; baadaye yakaja Excel na mengineyo, na LibreOffice Calc hupatikana bila malipo. Tofauti yake na daftari la karatasi ni kwamba kisanduku chaweza kuandikwa fomula badala ya namba, na namba moja ikibadilishwa, zote zinazoitegemea hubadilika papo hapo.

Uchukuliwe mfano wa mwanachama aliyekopa Sh. 1,200,000 tarehe 15 Januari 2025, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayotozwa juu ya salio, akirejesha Sh. 60,000 kila mwezi kuanzia tarehe 15 Februari. Katibu huandika hivi:

B1: 1,200,000 (mkopo)
B2: 1.5% (riba ya mwezi)
B3: 60,000 (rejesho la mwezi)
B4: 15 Januari 2025 (siku ya kutolewa mkopo)
B5: =NPER(B2,B3,-B1)
B6: =ROUNDUP(B5,0)
B7: =EDATE(B4,B6)

Fomula ya B5 huhesabu marejesho yanayohitajika, na jibu lake ni 23.96. B6 hupandisha jibu hilo hadi namba kamili, yaani 24, kwa kuwa hakuna sehemu ya rejesho: rejesho la mwisho litakuwa pungufu kidogo tu, Sh. 57,392. B7 huhesabu miezi 24 tangu siku ya mkopo na kutoa tarehe: 15 Januari 2027. Endapo B7 itaonyesha 46402 badala ya tarehe, hesabu haikuharibika. Kisanduku hakijaambiwa tu kwamba kilichomo ni tarehe.

Alama ya kutoa iliyo mbele ya B1 isisahauliwe. Fedha zilizotoka na fedha zinazorudi haziwezi kuwa na alama moja. Alama hiyo ikiachwa, jibu huwa miezi 17.62 chini ya sifuri, jambo lisilowezekana. Vilevile riba na rejesho sharti viwe vya kipindi kimoja. Mkopo uliotajwa kuwa wa asilimia 18 kwa mwaka huandikwa 18%/12 iwapo marejesho ni ya kila mwezi.

Kompyuta inapokataa

Rejesho likiandikwa Sh. 18,000 katika mfano huo, B5 haitatoa miezi. Itatoa alama ya kosa, #NUM!. Makatibu wengi hudhani mashine imeharibika. Kumbe imesema kweli. Riba ya mwezi wa kwanza ni Sh. 18,000 kamili; anayelipa kiasi hicho hapunguzi hata senti moja ya deni, na mkopo huo hauna mwisho. Likiandikwa rejesho la Sh. 20,000, fomula hujibu kwamba marejesho yatakuwa 155, yaani miaka 12 na miezi 11. Mwanachama huyo atalipa zaidi ya shilingi milioni tatu kwa mkopo wa milioni moja na laki mbili. Kamati ya mikopo inayompunguzia mtu rejesho kwa huruma yafaa iione namba hii kabla ya kupitisha uamuzi, na mkopaji naye aonyeshwe.

Riba ya namna gani?

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Fomula ya NPER hujua riba moja tu, ile inayotozwa juu ya salio linalopungua. Viko vikopeshaji vinavyotoza riba juu ya mkopo wa awali hadi mwisho, hata kama mkopaji amekwisha kulipa nusu. Kwa riba ya namna hiyo, katika mfano uleule, kila rejesho la Sh. 60,000 hubeba riba ya Sh. 18,000 bila kupungua, na deni hupungua kwa Sh. 42,000 tu. Mkopo wote ukigawanywa kwa 42,000, jibu ni 28.57, basi marejesho ni 29, na mwisho wake ni tarehe 15 Juni 2027.

Riba ya salio humgharimu mwanachama Sh. 237,392, ile isiyopungua humgharimu Sh. 522,000. Fomu zote mbili zitaandikwa "asilimia 1.5 kwa mwezi". Kwa hiyo katibu asiguse kompyuta kabla ya kusoma masharti ya mkopo, na mwanachama asitie sahihi kabla ya kuuliza: riba hii ni juu ya salio, au ni juu ya mkopo wote?

Mkulima hana mshahara

Fomula iliyotajwa hudhani kwamba marejesho ni sawa na hayakosekani. Hiyo ni hali ya mwenye mshahara. Mwenye kahawa, pamba au korosho hupata fedha kwa msimu: mwezi mmoja hulipa nyingi, na mwingine hakosi kukosa. Kwake yeye hutumika leja ya mstari kwa mstari yenye safu tano: tarehe, salio la mwanzo, riba, rejesho, salio la mwisho. Riba ni salio la mwanzo mara asilimia 1.5. Salio la mwisho ni salio la mwanzo, kujumlisha riba, kutoa rejesho. Nalo huwa salio la mwanzo la mstari unaofuata. Mstari ambao salio lake la mwisho limefika sifuri ndio wenye tarehe inayotafutwa. Mwezi asiolipa huandikwa sifuri katika safu ya rejesho, na riba hufuata masharti ya mkopo.

Tarehe za leja hii zihesabiwe zote kutoka siku ya mkopo, si kutoka mstari uliotangulia. Mkopo wa tarehe 31 Januari 2025 hufika 28 Februari; ukiendelea kuhesabu kutoka hapo, Machi nayo itakuwa 28, na zile siku tatu zitakuwa zimepotea.

Leja hiyo huonyesha pia faida ya kulipa mapema. Mwanachama wa mfano, baada ya rejesho la sita, hudaiwa Sh. 938,359. Akiuza mazao na kuongeza Sh. 200,000 siku hiyohiyo, salio hubaki Sh. 738,359. Akiendelea na rejesho lake la kawaida, atamaliza kwa marejesho 14 zaidi, tarehe 15 Septemba 2026. Amejiokolea miezi minne na takriban Sh. 54,900, na mdhamini wake amefunguliwa mapema. Maneno ya kuhimiza ulipaji ni mengi. Karatasi yenye tarehe mbili huhimiza kuliko hayo yote.

Yanayopasa kutendwa

Kwanza, miezi mitatu ya mwanzo ihesabiwe kwa mkono na kulinganishwa na kompyuta. Kwa mfano uliotolewa, salio lapaswa kuwa Sh. 1,158,000, kisha 1,115,370, kisha 1,072,100.55. Zikiachana, fomula ichunguzwe kabla ya mkopo kutolewa.

Pili, tarehe ya kumaliza iandikwe katika fomu ya mkopo, na nakala wapewe mkopaji na wadhamini wake.

Tatu, kila malipo yasiyo ya kawaida yakiingia, tarehe ihesabiwe upya na mwanachama aelezwe siku hiyo hiyo. Leja ichapishwe na kuhifadhiwa pamoja na stakabadhi, maana umeme hukatika na mashine huharibika.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Deni nalo lisilo na tarehe halina tofauti na hilo: hulipwa hata baada ya kwisha, au huachwa kabla ya kwisha, na katika hali zote mbili kuna mwanachama aliyedhulumiwa. Namba tatu na tarehe moja zatosha kulizuia jambo hilo.