MILANGO MIWILI YA UFADHILI WA SERIKALI
(Mawaidha kwa vijana kabla ya futari)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Amma baad. Qur'ani ilianza kuteremka katika mwezi huu, na amri ya kwanza iliyomfikia Mtume wetu (S.A.W.) ilikuwa ni kusoma. Kwa hivyo tukizungumzia mtihani na chuo kikuu jioni hii, hatujatoka nje ya Ramadhan.

Ndugu zangu, wengi wetu tunadhani ukipita KCSE, basi, serikali itakulipia. La! Milango ni miwili.

Mlango wa kwanza ni mtihani. Mwenye C+ na zaidi ndiye anayeweza kupangiwa nafasi ya shahada na KUCCPS. Lakini C+ pekee haikupi udaktari. Kila kozi ina masomo yake manne, na ushindani uko hapo. Sisi wa madrasa tuna nguvu katika IRE na Kiarabu, na alhamdulillah ni masomo ya KCSE kama mengine. Lakini anayetaka uhandisi, akaikimbia Hesabu na Fizikia, A ya IRE peke yake haitamfikisha.

Mlango wa pili ni fomu. Zamani, ukishapangiwa nafasi katika chuo cha umma, serikali ilibeba sehemu kubwa ya gharama bila kuuliza hali ya nyumbani kwenu. Mwaka 2023 utaratibu ulibadilika, kuanzia kwa waliofanya KCSE 2022. Mtihani unakupa nafasi, lakini pesa hufuata uwezo wa familia: ruzuku, mkopo wa HELB, na sehemu ya mzazi. Ruzuku hairudishwi. Mkopo hurudishwa na nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka.

Hapa ndipo kijana wetu anapokwama. Akisikia riba, anaacha kila kitu. Kuiogopa riba ni jambo la kheri, hakuna wa kumlaumu. Lakini ruzuku si mkopo. Keti na sheikh, mueleze kila kipengele, kabla hujajifungia mlango wote.

Mwengine anakwama kwa karatasi. Nambari ya kitambulisho cha mzazi haijulikani, au baba amefariki na cheti cha kifo hakikuchukuliwa. Wazazi wetu, tafuteni karatasi hizi sasa, msingoje foleni ya saiba siku ya mwisho.

Na fomu ikiuliza mapato, jibu ukweli. Fungu hili lina kiasi chake. Mwenye uwezo akijiandika maskini, huenda amekula haki ya yatima, na saumu yake iko wapi?

Ombi langu ni moja. Walioko chuoni, wakirudi likizo, waketi msikitini baada ya Isha na wadogo zao, wawajazishe fomu moja moja. Hiyo nayo ni sadaka.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu na awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.